Sailensa

Pijo ya baba ikienda haina neno.
Pongwe mpaka Muheza inakata upepo
kama mkasi kwenye poplini.
Ni kusimama ndiko kunakoishinda:
nikikanyaga breki kona ya Barabara ya Kumi na Nne,
sailensa inashuka, inapanda, inashuka,
na funguo zake baba, saba, za milango tuliyokwisha kuiuza,
zinacheza chini ya usukani:
che, che, che, kimya, che.

Mimi fundi cherehani. Najua sauti ya kuruka.
Sindano ikipinda, katika kila mishono minne mmoja hupotea,
na mteja haoni pengo mpaka afue.
Nikamwambia Singano: inaruka mshono.
Hakunisikia.

Miaka ishirini na miwili kwenye korona ya mkonge
ilimla masikio, ikamwachia vidole.
Gereji yake turubai moja nyuma ya Mgandini,
na betri zilizokufa, alizozipanga kama viti vya wageni.
Akaweka kiganja kwenye bodi, akafumba macho,
akahesabu kwa kidole gumba ndani ya kandambili.
"Wako wanne humu," akasema,
kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.
"Watatu wanafanya kazi. Mmoja anakula bure."

Akachomoa waya wa kwanza: injini ikayumba, nusura izime.
Akarudisha. Wa pili, ikayumba.
Wa tatu,
haikujali.
Kama vile hajaguswa mtu.

Plagi akaitoa, akaigeuzageuza juani.
Si masizi, si oili. Nyeupe, kama jino la mtoto.
"Huyu petroli haimfiki. Anashiba hewa."
Nikasema, kabureta, wa Chuda alisema kabureta,
wa Makorora akaniuzia kabureta,
wa tatu akaniuzia platini na dua.
Nashukuru hakusikia hilo nalo.

Ndipo akatwaa bisibisi ndefu, ncha akaigusisha mnifoldi,
mpini akaung'ata.
Niliona alama za meno kwenye plastiki ya njano,
mpya juu ya za zamani, kama pindo lililorudiwa.
Akasogeza ncha, kidogo, kidogo tena,
uso wake uso wa mtu anayeonja mchuzi wa jikoni kwa watu.
Akasimama hapo.
Akakamua kitambaa cha maji ya sabuni:
povu likanyonywa ndani, fyo,
na injini ikatulia, pumzi mbili, tatu,
kisha ikaanza upya kutetemeka.

Mpira wa vakyumu. Unene wa kidole changu cha mwisho.
Umepasuka chini, upande ambao macho hayafiki,
na juu ya ufa, uzi.
Uzi mweusi, umezungushwa mara arobaini, hamsini,
umeoza kwa joto, umekatikakatika.
Singano akaucheka. "Nani huyu alishona gari?"

Nikaushika. Naujua.
Ni ule wa suruali za sare, hauuzwi kila duka.
Koni nzima ilipotea mwaka ule, Januari, shule zinafunguliwa,
nikamgeukia Mwantumu, mwanafunzi wangu,
nikamwambia fungua mkoba mbele ya wateja.
Haukuwemo.
Nikamwambia basi umeshauuza.
Na baba alikuwa pale pale mlangoni, anapangusa miwani,
anapangusa, anapangusa.

Singano akafunga mpira mpya, akataka elfu kumi na mbili.
Nikamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimeegemea boneti.
Akaitikia kwa kichwa, mahali pasipo pake.
Kisha akauliza, "Inasemaje sasa?"
Nikanyoosha mkono, kiganja chini, sawa kama meza.

Mwantumu anashona Mabokweni, nasikia,
kwa cherehani ya kuazima.
Sikukata kona ya dukani. Nikanyoosha.
Kwenye reli nikakanyaga breki,
nikadhani injini imezima.
Ilikuwa inanguruma taratibu. Funguo saba, kimya.
Na mimi sijui nitaanzaje.